Mwenzako amehama, bili zimebaki

Ankara ya maji haina habari kwamba mmoja wenu amehama. Itakuja kwa jina lile lile, mara nyingi la mwenye nyumba, kwa mita ile ile, na isipolipwa fundi atakuja kufunga maji ya nyumba nzima. Aliyebaki ataanza kununua maji kwa dumu, na aliyehama yuko kwake anaoga bombani.

Ugomvi mwingi wa nyumba za kuchangia hapa Dar es Salaam unatokana na kuchanganya madeni mawili. Deni la kwanza ni la mita: liko kati ya mamlaka ya maji, au shirika la umeme TANESCO, na yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye akaunti. Deni la pili ni lenu ninyi mliokuwa mkiishi pamoja. Ukienda ofisi ya maji kueleza kwamba kati ya uniti hizi limo fungu la yule aliyehama tarehe 17, watakusikiliza kwa heshima zote, kisha watakuonyesha dirisha la malipo. Hawana mkataba na yeye.

Kwa hiyo lipa kwanza, dai baadaye. Najua inauma. Lakini kukomoana kwa kuacha bili ilale hadi mwenzako aone aibu ni kujikata mwenyewe, kwa sababu anayekatiwa maji ni wewe na gharama ya kurudishiwa huduma itaongezwa juu ya deni. Ukilipa, risiti inakuwa yako, na risiti ndiyo silaha ya hatua zote zinazofuata.

Sheria iko upande wako katika hili. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema watu wakiahidi jambo kwa pamoja, anayedai anaweza kumbana yeyote kati yao alipe lote, na aliyelipa anaweza kuwadai wenzake wachangie sawa kwa sawa kama hawakukubaliana vinginevyo. Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba, shida yake ni ushahidi tu. Angalia pia mlivyopanga. Kama mlisaini wote watatu mkataba mmoja wa nyumba nzima na bili zimo humo, mwenye nyumba anaweza kuja kwako peke yako kwa deni lote. Kama kila mmoja alipanga chumba chake kwa mkataba wake, hana haki ya kukudai fungu la jirani, ila mita ikifungwa mnakosa maji wote.

Maji: kila kitu ni namba ya siku ya kuhama

Mita ya maji, ambayo kwenye ankara huitwa dira, ina tarakimu nyeusi na nyekundu. Nyeusi ni mita za ujazo, yaani uniti, na kila uniti moja ni lita 1,000. Nyekundu ni vipande vya uniti, usizihesabu. Siku mwenzenu anapotoa godoro lake, piga picha ya mita tarakimu zikisomeka na namba ya mita ikionekana, kisha itume kwenye kundi lenu la WhatsApp papo hapo, yeye akiwemo. Picha iliyokaa kwenye simu yako miezi miwili bila kutumwa haina nguvu kama iliyoonekana na wote siku ile.

Tuseme ankara ya mwisho ilisoma 1,482. Siku ya kuhama mita inasoma 1,496. Ankara mpya inakuja na 1,505. Uniti 14 zilitumika mkiwa watatu, uniti 9 mkiwa wawili. Bei ya uniti itoe kwenye ankara yenyewe: chukua jumla ya mwezi huo bila deni la nyuma, gawa kwa uniti 23, na makato yote yatakuwa yameingia humo. Tuseme imetoka shilingi 1,800. Uniti 14 ni shilingi 25,200, kila mmoja 8,400. Uniti 9 ni shilingi 16,200, kila aliyebaki 8,100. Aliyehama anadaiwa 8,400, na ninyi kila mmoja analipa 16,500. Mkigawa jumla ya 41,400 kwa watatu mtamdai 13,800, naye atakataa, na atakuwa na haki ya kukataa.

Picha isipokuwepo, gawanya kwa siku. Mwezi wa usomaji una siku 30, yeye amekaa 17, ninyi 30 kila mmoja, jumla 77. Fungu lake ni 17 kati ya 77 ya ankara, kama 9,140 kwenye mfano huu. Si sahihi kama mita, lakini ni hesabu ambayo mtu mzima anaweza kuikubali.

Kabla hujamtumia mtu bili iliyopanda ghafla, hakikisha si makadirio. Msoma mita akikuta geti limefungwa au mbwa amefunguliwa, mwezi huo unaweza kukadiriwa, na makadirio yakiwa chini kwa miezi mitatu, mwezi atakaosoma kweli uniti zote zilizoachwa nyuma zinaingia kwa mkupuo. Ankara hiyo kubwa inaweza kufika baada ya mwenzenu kuhama ilhali maji yalitumika akiwepo. Linganisha "usomaji uliopita" na "usomaji wa sasa" kwenye ankara za nyuma. Matumizi yakifanana mno mwezi hadi mwezi kisha yakaruka, gawanya mrundikano ule kwa miezi yote uliyofunika, na umtoe kwenye miezi ambayo hakuwepo.

Jambo la pili ni kuvuja. Funga koroki zote usiku, usome mita ukienda kulala na usome tena alfajiri kabla mtu hajafungua bomba. Mita nyingi zina kigurudumu kidogo au nyota inayozunguka hata maji yakipita kidogo sana. Ikizunguka na hakuna bomba lililofunguliwa, kuna mahali panavuja. Anza na tangi la choo: boya lililochoka huacha maji yapite chooni usiku kucha bila kelele. Tia rangi ya chakula kidogo tangini, usifulashi, na subiri dakika ishirini. Rangi ikionekana kwenye sinki la choo, umempata mwizi. Kisha angalia boya la simtanki. Maji yaliyovuja kwenye kifaa cha nyumba ni mazungumzo na baba mwenye nyumba, hasa kama mlimwambia mapema kwa ujumbe. Kumbebesha mwenzenu aliyehama fungu la uvujaji ambao bado unaendelea hadi leo ni uonevu.

Namba ya kulipia, ile wengi wetu tunaiita kontroo namba, ina tarakimu 12, na malipo kwa simu yanakuletea ujumbe. Usiufute. Ukifutika, omba taarifa ya miamala kwa mtandao wako wa simu.

LUKU nayo inaweka deni

Watu husema LUKU, yaani mita ya umeme wa tokeni, haina deni kwa sababu unalipa kabla. Ina madeni ya aina mbili, na yote humwangukia anayenunua tokeni inayofuata.

La kwanza ni kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 inakatwa kupitia umeme. Kwa nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi tangu Julai 2023, na ya ghorofa ni zaidi. Ikipita miezi bila kununua umeme, inajilimbikiza: nyumba iliyokaa miezi minne bila mnunuzi, ununuzi wa kwanza unaondoka na 6,000. Kodi hii ni ya mwenye jengo. Mpangaji anailipa kwa sababu tokeni iko mkononi mwake, basi kubalianeni na mwenye nyumba kwa maandishi kama mtaikata kwenye pango. Usimdai mwenzako aliyehama kabla hujaongea na mwenye nyumba, la sivyo wapangaji mtagombana kwa kodi isiyo yenu.

La pili ni deni lililopachikwa kwenye mita yenyewe, kwa mfano baada ya mita kuharibika na matumizi kukadiriwa, au mtu kukamatwa kwa kuichezea. Hapo kila ununuzi unakatwa sehemu hadi deni liishe. Utalijuaje? Kwa hesabu. Bei ya matumizi ya kawaida, T1, ni shilingi 292 kwa uniti tangu Aprili 2016. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, kwa hiyo uniti moja inakugharimu karibu 356. Shilingi 10,000 zinapaswa kukupa uniti 28 na kidogo. Ukipata 20 na kodi ya jengo ya mwezi huo ilishakatwa, soma risiti mstari kwa mstari. Deni litakuwa limeandikwa. Nenda ofisi ya TANESCO ya eneo lako na namba ya mita uombe maelezo ya deni: lilianza lini, kwa sababu gani, limebaki kiasi gani. Tarehe ya kuanza ndiyo itakayosema mlikuwa wangapi ndani ya nyumba. Kama chanzo ni kuchezewa kwa mita, usimalize kimya kimya na mwenzako, kwa sababu anayeishi na mita iliyochezewa ni wewe.

Sasa upande wa haki ya aliyehama, ambao waliobaki husahau kwa makusudi. Umeme uliobaki kwenye mita siku anayohama ni mali yake pia. Mlichanga 30,000 watatu, kodi ya 1,500 ikakatwa, mkapata uniti 80. Siku anaondoka zimebaki 42. Fungu lake ni uniti 14, kama shilingi 5,000. Zitoe kwenye anachodaiwa. Hesabu yenye kipengele kimoja kinachomfaidi yeye hulipwa haraka kuliko hesabu inayokufaidi wewe peke yako kila mstari.

Kuhusu nani alikula umeme zaidi, epukeni kugombania taa na chaji ya simu. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka kwa muda wa saa kumi haifiki hata sehemu ya kumi ya uniti. Vinavyokula ni vya joto na baridi: jiko la umeme la wati 2,000 ni uniti 2 kila saa, pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa ni nusu uniti, na kiyoyozi kidogo cha chumbani usiku kucha kinaweza kufika uniti 6, zaidi ya shilingi 2,000 kwa usiku mmoja. Kama chumba kimoja kilikuwa na kiyoyozi na mkawa mnachanga sawa, mlipaswa kulisema akiwa bado yupo. Kulifufua baada ya kuhama, bila mita ndogo ya chumba, hakuna hakimu atakayelitilia maanani, na mimi pia nisingelitilia.

Kwenye nyumba zenye mita ndogo kila chumba mambo ni rahisi: soma siku ya kuhama, toa usomaji wa mwisho, zidisha kwa 356 kama mita kuu ni ya T1. Anayetoza zaidi ya hapo aeleze tofauti inakwenda wapi.

Kuna hasara moja ya kuchangia mita ambayo haionekani kwenye bili yoyote. Mteja mdogo wa majumbani, D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na 350 kwa kila uniti inayozidi. Nyumba ya mtu mmoja mwenye friji ndogo inaweza kubaki humo. Nyumba ya watatu inapita, na wastani ukizidi 75 mita inahamishiwa T1. Uniti 75 za D1 pamoja na makato ni 9,150. Zile zile kwa T1 ni zaidi ya 26,700. Kama wenzako wamehama umebaki peke yako, tunza risiti za miezi ya matumizi madogo, kisha peleka ombi TANESCO waikague mita yako irudi D1. Pengine fedha utakayookoa hapo ni kubwa kuliko deni unalomfukuzia mtu.

Bili zisizo na mita

Mlinzi na taka ni hesabu ya mwezi: alikaa hadi tarehe ngapi, basi. Wengi hutoza mwezi mzima ukishapita nusu, ni sawa mkiafikiana. Ving'amuzi ni vya kulipia kabla, havina deni. Intaneti ya nyumbani iko kwa jina la mtu mmoja aliyesajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Kama huyo ndiye aliyehama na ameacha ruta, mwambie aihamishe au aifunge rasmi, maana mkataba ukiendelea atadaiwa yeye kwa kifurushi mnachotumia ninyi, na mtakuwa mmegeuka wadaiwa wake.

Bili inayovunja urafiki ni ya kunyonya choo. Shimo linajaa taratibu kwa mwaka mzima na zaidi, lakini gari la majitaka linalipwa siku moja, na siku hiyo huwa daima ni wiki moja baada ya mtu kuhama. Aliyehama anasema mimi sipo tena. Waliobaki wanasema shimo halikujaa wiki hii. Wanaosema kweli ni waliobaki, lakini wathibitishe kwa hesabu ya miezi ya watu. Gari limelipwa 120,000. Mara ya mwisho shimo lilinyonywa miezi 18 iliyopita. Wawili mmekaa miezi yote 18, yeye aliingia baadaye akakaa 12. Jumla ni miezi 48 ya watu, kila mwezi 2,500. Fungu lake ni 30,000, na ninyi kila mmoja 45,000. Risiti ya unyonyaji uliopita ni muhimu hapa kuliko ya sasa. Isipokuwepo, tarehe itabaki ya kubishania. Shimo likijaa haraka isivyo kawaida, chunguza kama maji ya mvua yanaingia au kama udongo umeacha kunywa, kwani hilo nalo ni la mwenye nyumba.

Kodi aliyoilipa mbele

Dar wengi hulipa pango miezi sita au mwaka. Anayehama mwezi wa nne ana miezi miwili yake ndani ya nyumba, na kwa kawaida mwenye nyumba hairudishi. Atataka kutafuta mtu wa kuingia amlipe ile miezi. Fedha hiyo ndiyo dhamana pekee ya kweli mliyonayo, na wengi huiachia ipite: mgeni anamlipa aliyehama moja kwa moja kwa simu, na bili zinabaki bila mwenyewe.

Fanyeni hivi kabla mgeni hajaingia. Andikeni karatasi ya nusu ukurasa: aliyehama anakubali bili zake hadi tarehe fulani zikatwe kwenye fedha ya mgeni, na kinachobaki apewe siku hiyo hiyo. Asaini, mgeni asaini, mwenye nyumba apewe nakala. Mgeni akilipa 200,000 na bili ni 33,400, aliyehama anapokea 166,600 akiwa na hesabu mkononi. Msikate bila saini yake. Fedha ile ni yake, na kukata kwa mabavu kunawageuza ninyi kuwa mnaodaiwa. Na kama kuna dalali, malipo yake anayabeba anayenufaika na kutafutiwa mtu. Semeni mapema ni nani.

Ameshahama, na hapokei simu

Anza kwa ujumbe mmoja ulio kamili. Usitume sauti za dakika nne, usitume saa sita usiku, na usianze na lawama. Kitu kama hiki:

"Habari za leo dada. Hesabu ya nyumba hadi tarehe 17 uliyohama ni hii: maji uniti 14, fungu lako 8,400. Kunyonya choo, miezi yako 12, 30,000. Umeme uliobaki, haki yako uniti 14, nimekutolea 5,000. Baki ni 33,400. Picha za mita na risiti nimeziweka hapa chini. Nimeshalipa zote ili huduma zisikatwe. Naomba uniambie kama hesabu iko sawa, na kama utalipa yote au kwa mafungu mawili ya 16,700 mwisho wa mwezi huu na ujao."

Neno lenye kazi kubwa hapo ni "niambie kama hesabu iko sawa". Akijibu "sawa, nitalipa mwisho wa mwezi", amekiri deni kwa maandishi. Tangu hapo hamshindani tena kuhusu kiasi, mnazungumzia tarehe tu. Akilipa fungu la kwanza, mwandikie umepokea kiasi gani na kimebaki kiasi gani. Akipinga kipengele kimoja, mwombe alipe vile anavyovikubali. Heri upate nusu kuliko kukosa chote.

Kimya kikizidi wiki mbili, tuma ujumbe wa pili wenye tarehe ya mwisho, kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti si hakimu na hawezi kumlazimisha mtu kulipa, lakini barua yake ya wito ina uzito wa aibu ambao simu zako hamsini hazina. Kama alihamia mtaa mwingine, ofisi ya huko ndiyo itakayomfikia kirahisi. Mkipatana, patano liandikwe hapo hapo: kiasi, tarehe, saini zenu na mhuri wa ofisi. Polisi usiende. Bili ambayo mtu hajachangia ni madai, si jinai, na utarudishwa mlangoni.

Hatua ya mwisho ni Mahakama ya Mwanzo. Inapokea madai ya fedha yanayotokana na mkataba hadi shilingi milioni 30, inaendesha mambo kwa Kiswahili, na unaweza kueleza dai lako kwa mdomo likaandikwa. Unafungua alipo mdaiwa au palipotokea shughuli yenyewe, unalipa ada, na mdaiwa anapelekewa samansi. Sababu kubwa ya mashauri haya kukwama ni samansi kukosa pa kwenda, hivyo tafuta anapoishi au anapofanya kazi kabla hujafungua. Ikithibitika aliipata na hakuja, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja. Beba mkataba wa pango, ankara, risiti, picha za mita na jumbe zilizochapishwa, na simu yenyewe iende nawe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hiyo, ila mahakama itataka kujua umetoka wapi na kama haukuchezewa. Ukomo wa madai ya mkataba ni miaka 6, lakini baada ya mwaka mmoja mashahidi wamehama na simu zimeibiwa.

Uwe mkweli kuhusu kiasi. Deni la 8,400 halistahili nauli ya kwenda mahakamani mara nne. Deni la 33,400 linaishia serikali ya mtaa, kulipwa au kusamehewa. Kuanzia laki mbili hivi, ambapo kwa kawaida kuna pango ndani yake, mahakama inaanza kuwa na maana. Wasomaji wa Kenya wana njia nyepesi zaidi: Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi 2021, inachukua hadi shilingi milioni moja za Kenya na imepangiwa kumaliza shauri ndani ya siku 60. Zanzibar ina sheria zake na shirika lake la umeme, ZECO, kwa hiyo namba za LUKU hapo juu zisikupotoshe.

Mawili ya kuepuka. Usizuie friji au televisheni ya mtu mlangoni mpaka alipe. Mali ni yake, na yeye ndiye atakayeenda polisi, safari hii akiwa na la kusema. Na usirushe picha yake, namba yake wala kitambulisho chake kwenye status au makundi ya mtaa ukimwita tapeli. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na 33,400 itaonekana ndogo sana ukiwa unatafuta wakili.

Kama ugomvi ni na mamlaka yenyewe, mfano ankara ya makadirio ambayo hawataki kuirekebisha, peleka malalamiko kwa maandishi ofisini kwao na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Wasipojibu, nakala hiyo ndiyo utakayoipeleka EWURA. Bila mhuri utaambiwa uanzie ulikotoka.

Akishalipa, mpe maandishi mafupi: tumemalizana bili zote za nyumba hadi tarehe fulani. Mtoe kwenye kundi la WhatsApp baada ya hapo, si kabla. Kisha nenda ofisi ya maji na mwenye nyumba mbadilishe namba ya simu ya akaunti kama ilikuwa yake, maana ujumbe wa ankara utaendelea kuingia kwenye simu ya mtu asiye na sababu ya kuusoma. Na mgeni anapoingia na godoro lake, nendeni naye hadi kwenye mita, apige picha mwenyewe kwa simu yake.